Gavana Aliyehamia Swali la Pili

Asubuhi moja nilimsindikiza jirani yangu wa mtaa wa Linden, mama kutoka Bukavu, kwenye usaili wake wa uraia hapa Columbus. Tukiwa ukumbini tunangoja, binti yake alimsomea maswali kwa mara ya mwisho.

"Gavana wetu ni nani?"

Mama akamtaja mzee aliyeacha ugavana zamani na sasa ni seneta. Binti akashika kichwa. "Mama, huyo ni jibu la swali la seneta. Gavana ni mwingine."

"Bon, ule mwingine mimi simujui," mama akasema, mkono wake ukiinama kama anayemimina maji kutoka birikani. "Huyu wetu alikuya kula bugali kanisani, nikamunawisha mikono. Mutu haachi kuwa gavana juu amepata kazi ingine."

Kule kwetu ndivyo ilivyo. Aliyewahi kuwa gavana huitwa gavana mpaka kaburini. Lakini afisa wa uraia hayajui hayo, na mama amesubiri miaka. Akaitwa. Binti akabaki anauma kucha.

Mama alitoka akijipepea kwa karatasi. Amefaulu.

"Wamekuuliza gavana?" binti akauliza.

"Hapana, wameniuliza seneta. Nikajibu: Gavana," akamalizia kwa jina zima la yule mzee wa bugali. "Muzungu akacheka, akaandika."

Nilirudi nyumbani nikitabasamu. Kwetu gavana akiondoka ofisini tunamtafuta gerezani au ng'ambo. Mama yeye amemkuta kwenye swali linalofuata.