Herufi za Kompyuta na Mashine ya Mpunga

Kompyuta ya ofisi yetu ya umoja wa wakulima, pale Kibaoni, Ifakara, ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, zawadi ya marafiki wa Ujerumani. Mpiga chapa nilikuwa mimi. Kwenye taipu ya zamani hakuna aliyenishinda, na sikuwa naficha. Kompyuta ndiyo iliyonitia aibu. Unaandika vizuri asubuhi nzima, ghafla ukibonyeza z inatoka y, na alama ya kuuliza inakimbilia kusikojulikana. Wakulima wa kijiji cha Sanje waliwahi kupokea barua ya kuwaita kwenye kikao cha bei ya "mayao". Walicheka mpaka kicheko kikanifikia mezani.

Ofisi nzima ilikubaliana kwamba mchawi ni mashine ya kukoboa mpunga ya jirani. Ikiwashwa, taa zinafifia. Ikizimwa, herufi zimeshavurugika. Fundi alitoka Morogoro, akaizima kompyuta, akaiwasha, ikapona. Akasema ni umeme, akapanda basi. Kesho yake ikaugua tena.

Katibu wetu, mzee mpole asiyependa kuchekwa, akachoka. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ananyoosha karatasi niichape. Ilikuwa barua ya kuomba mpiga chapa mwingine, aliyesomea kompyuta. Yaani nijifukuze kwa vidole vyangu mwenyewe. Hasira ilinipanda. Nilijiona nimerudi nyumbani kuamia, kufukuza ndege kwenye mpunga wa mama, cheti changu cha taipu kinaliwa na mchwa sandukuni.

Nikaanza kuchapa. Nilipofika katikati, mashine ya jirani ikanguruma. Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba ikinguruma tu unaacha kazi na kuifunika kompyuta kwa kitenge, maana vumbi la pumba lilikuwa linaingia dirishani bila hodi. Siku hiyo sikufunika. Nilisema moyoni, kama ni kufa na ife. Taa zilififia, pumba zikanijaa kwenye nywele, nami nikachapa mpaka mstari wa mwisho. Hakuna herufi hata moja iliyohama.

Nikaduwaa. Kumbe si umeme. Basi kila siku nilikuwa nafanya nini ambacho leo sijafanya? Nikakitazama kitenge. Nikakichukua, nikafunika kama kawaida, nikasokomeza pindo chini ya kibodi kwa mkono wa kushoto, kisha nikafunua na kubonyeza z. Ikatoka y.

Nikarudia polepole, safari hii nusu ya skrini nimeiacha wazi. Kiganja kilipokandamiza pembe ya kibodi ili pindo liingie, herufi mbili ndogo kule chini kwenye skrini, EN, zikageuka DE. Nikaanza kuvijaribu vitufe vya pembe ile, viwili viwili, mpaka nikavikamata: Alt na Shift. Ukivibonyeza pamoja, kibodi inakuwa ya Kijerumani, kama ya wale marafiki waliotuzawadia, z na y zimebadilishana nafasi. Ukivibonyeza tena, inarudi kwetu. Nilicheka peke yangu kwa sauti, na mashine ya mpunga ikaendelea kunguruma bila kosa lolote.

Nilimpelekea katibu barua yake. Akaisoma mara mbili, miwani puani.

"Mbona hii haina kosa?"

"Njoo uone, mzee."

Nikaigeuza kompyuta ikawa mbovu mbele ya macho yake, nikaiponya. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na sikuona haya kujidai. Mwisho akavuta kiti, akabonyeza mwenyewe kwa vidole vyake vizito vya mkulima, akatazama DE ikija na kuondoka. Nikamweleza habari ya kitenge. Yeye ndiye aliyekileta kutoka nyumbani kwake, na ndiye aliyetufundisha kukisokomeza hivyo.

Kisha akaichukua ile barua ya kuomba mtu mwingine, akaigeuza, akaniwekea mezani upande ule mweupe.

"Karatasi zenyewe chache," akasema. "Hapa nichapie barua ya kikao cha Sanje. Uwaandikie mazao."