Maji ya Kunyolea ya Jenerali

Nilikuwa mpishi nyumbani kwa Jenerali Mordaunt, pale Cheltenham, Uingereza, na Enoch Bidwell alikuwa mtumishi wake tangu jeshini, wote wawili wakiwa vijana. Mmoja alipanda vyeo mpaka akaitwa Sir, mwenzake akabaki na birika lake. Kila asubuhi chai kwanza, kisha maji ya kunyolea, na kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kumwamsha Jenerali.

"Hata nyumba ikiungua," nilimtania siku moja, "wewe utangoja maji yachemke!"

Enoch aliweka kikombe mezani, akalia. Mwanamume mzima, jikoni kwangu!

Ndipo akanieleza. Huko milimani, mpakani mwa India, walikuwa wamekizingira kijiji. Alfajiri akashuka mzee mmoja na kitambaa cheupe, akaonyesha kwa mkono kwamba anamtaka mkubwa. Enoch akamkalisha nje ya hema. "Ngoja, babu, hajanywa chai." Birika halijachemka, mizinga ikaanza, kama ilivyoamriwa jana yake. Kijiji kikateketea na watoto wake. Jenerali akapewa nishani.

"Na mpaka leo ananiuliza, 'Bidwell, kwa nini hawakumtuma mtu?' Nami sijamwambia."

Nilibwaga mwiko mezani. "Na nishani hiyo unaing'arisha kila Jumamosi!"

"Naing'arisha."

"Basi mwambie kabla hajafa. Usije ukazikwa na siri hiyo wewe."

Majira yale ya baridi Jenerali alikuwa hoi kitandani. Asubuhi moja nilipanda na uji wake, nikamkuta Enoch kapiga magoti, wembe mkononi, povu bado limejaa shavuni mwa mzee.

"Alikuja mtu, afande. Nilimzuia mimi. Sikutaka kukuamsha."

Jenerali alitazama dari. Nilidhani atamfukuza palepale.

"Nilikuwa macho, Bidwell. Nilimsikia akikohoa. Nilikusikia ukimwita babu."

"Sasa mbona ukawa unaniuliza miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nangoja useme kosa ni lako."

Enoch aliinuka, akamalizia shavu la pili bila kumkata. Nishani hakuigusa tena. Siku ya maziko ya Jenerali ilibebwa juu ya mto wa mahameli mbele ya jeneza, imefubaa, na maafisa wastaafu wakamsema Enoch kwa uzembe.