Suruali Iliyoshuka Mwambani Peke Yake

Suruali ilitoka kileleni, miguu imejaa upepo, ikapita juu ya kichwa cha binti yangu Darlene kama mtu anayewahi kazini.

Ndani hamkuwa na mtu.

Jamani, sitanii. Nilikuwa huko huko juu.

Ngoja niwaeleze taratibu, haraka sina. Nina miaka sitini na tisa, shule niliishia darasa la nane, na ninapanda miamba. Hapa Laramie, mji wetu wa milimani, hilo si ajabu. Ajabu ni Darlene.

Mwaka jana nilirudi kutoka kwenye miamba ya Vedauwoo goti limechunika, nikashonwa nyuzi tano. Mwamba wa kule ni msasa mtupu. Upepo wake ndio usiseme.

Basi mwaka huu Darlene akasimama mbele yangu jikoni, mkono kiunoni.

"Mama, safari hii anayerudi na goti limechunika hana neno tena kuhusu kupanda. Anafunga mdomo, basi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Alikuwa ananisema mimi, tena sote tulijua. Mkwaruzo mmoja tu, na kamba yangu inakwenda kufungia mbwa.

Nikasema hapa dawa ni suruali.

Nikaenda dukani na mjukuu wangu Shelby, binti wa Darlene, ambaye ndiye hunitangulia kwenye kamba. Muuzaji, baba mmoja mwenye ndevu nyekundu aitwaye Duane, akanitolea suruali nyembamba ya zambarau, inang'aa.

Nikaibandika mdomoni, nikapuliza. Pumzi ikatokea upande wa pili.

"Hii ni chandarua," nikamwambia.

"Mama, hiyo ndiyo inayotoka sana!" Duane akasema.

"Itoke tu. Mimi nataka ya kubaki."

Nikatoa kipande cha mwamba kwenye mkoba. Natembea nacho, msiniulize. Nikasugua pindo, mara tatu tu, nyuzi zikasimama kama nywele za paka aliyeogopa.

Duane akashika ndevu. Shelby akajificha nyuma ya rafu ya viatu.

"Bibi, unaniaibisha!"

Suruali ya saba ndiyo ikanijibu. Kahawia, kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, kinavutika kidogo. Napuliza, pumzi inarudi puani. Magotini imewekwa kitambaa mara mbili. Kifundoni ina kamba ya kukaza, upepo usipande mguuni. Nyuma haina mfuko, maana ukishavaa mkanda wa kupandia, mfuko wa nyuma unakufinya makalio siku nzima.

Nikaijaribu. Nikainua mguu hadi juu ya meza ya Duane, goti likagusa kidevu. Mshono kimya.

"Haya, bi mkubwa," Duane akasema, "sasa teremsha mguu, kuna wateja."

Shelby akachukua ile ya zambarau. "Mimi nataka nitoke vizuri kwenye picha."

Sikubishana. Ila Jumamosi asubuhi nikatia kwenye begi suruali ya sufu ya marehemu babu yake, pamoja na mikate ya siagi ya karanga na chupa ya kahawa.

Kule Vedauwoo Darlene akabaki chini na darubini. Sisi tukapanda kwa kufuata ufa wa mwamba, goti ndani, goti nje, upepo unapiga mluzi. Miguu yangu ilikaa na joto kama mkate kwenye oveni.

Juu yangu nikasikia *krrrr*.

"Bibi! Usiangalie juu!"

Nikaangalia. Ya zambarau imepasuka toka kiunoni hadi gotini, inapiga makofi kama bendera.

Nilicheka nusura niachie mwamba.

Kileleni ni tambarare, pana kama uwanja. Shelby akavua mkanda, akavua suruali, akawa anahangaika na ya babu yake, meno yanagongana. Upepo ukaona ile ya zambarau. Ukaichukua.

Chini ukasikika ukelele: "MAMAAA!"

Darlene hakungoja kutazama rangi; alidhani ni mimi ninayeanguka. Alitupa darubini, akakimbilia mwambani akirukaruka juu ya mawe.

Tukamchungulia, tukapunga mikono. "Tupo! Tumevaa!"

Tulipomfikia alikuwa amekaa chini, analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nikasimama mbele yake, nikakunja suruali hadi mapajani. Magoti safi, kama ya mtoto mchanga.

"Haya, kagua."

Hakukagua. Alikuwa amefunika goti lake kwa mikono miwili.

"Darlene. Toa mikono."

Akatoa. Suruali yake ya ofisini imechanika, na goti limechunika vizuri kabisa, jeraha kubwa kuliko langu la mwaka jana.

Shelby akauliza polepole, "Mama, hivi ile sheria ilisemaje?"

Darlene akafungua mdomo. Akaufunga.

Ameufunga mpaka leo. Jumamosi iliyopita nilimkuta dukani kwa Duane, mguu juu ya meza, anapuliza suruali ya kahawia.

Wajukuu wa mtandaoni, nawaachia hili: suruali ya mwambani msiichague mbele ya kioo. Ipulizeni, isugueni, inueni mguu hadi watu wawashangae. Afadhali uchekwe dukani ukiwa umevaa, kuliko kileleni suruali imekwenda na upepo.