Siku Niliyomgusa Baba Mkwe

Miaka ile kila mtu wa kwetu alikuwa amepanda miwa hadi mlangoni, na mimi niliikata nikiwa na mimba ya miezi minane. Kwa hiyo binti yangu alipofika miaka miwili, kidole gumba chake cha kulia kikajikunja na kukataa kunyooka, mama mkwe hakutafuta sababu mbali.

“Ulishika panga na mtoto tumboni. Sasa yeye naye ameshika lake,” alisema, na majirani wakacheka.

Mbele ya watu wazima sauti yangu ilikuwa haitoki. Nilikisugua kidole kwa samli kama nilivyoambiwa. Penye shina lake, upande wa kiganja, nilipapasa kivimbe kidogo kama punje ya mtama.

Muuguzi wa kliniki ya chanjo aliniambia nisikivute. Alisema kano inayokunja kidole imevimba, imekwama katika njia yake. Vingine hunyooka vyenyewe. Kisiponyooka, daktari wa Kakamega atapasua kidogo akiachilie. Nilipomweleza mama mkwe, alisema muuguzi huyo hajazaa hata mmoja.

Mwaka ukapita, kidole kikabaki vilevile. Siku moja mume wangu akiwa kazini kiwandani, wakwe zangu wakamwita mzee anayenyoosha viungo. Baba mkwe akampakata mtoto. Walijua wanachofanya. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi, na alipoketi yeye mimi sikufika. Kutoka jikoni hadi kiti chake zilikuwa hatua sita, nami sikuwahi kuzipiga.

“Shika yeye vizuri, mzee,” alisema mnyoosha viungo. “Hii italia kwaa! mara moja, imeisha.”

Akavuta. Mtoto akapiga yowe.

Nilizipiga zile hatua sita. Nikaubandua mkono wa baba mkwe kutoka kifuani pa mtoto, kidole kimoja kimoja, nikambeba.

“Umenishika?” aliuliza.

“Nimekushika, baba. Na mtoto simwachi.”

“Yesu wangu!” mama mkwe alilia. “Huyu ametuvua nguo mchana!”

Jumatatu tulikwenda Kakamega, mimi, mume wangu na mtoto. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akapasua palepale penye kivimbe, jeraha fupi kama ukucha. Nilimuuliza kuhusu panga. Akasema panga halihusiki hata kidogo. Bandeji ilipotolewa, binti yangu alikunja kidole, akakinyoosha, akakikunja tena, akinitazama kama mimi ndiye niliyekificha siku zote.

Nyumbani walidai kuku wa kututakasa mimi na baba mkwe. Kuku nilimtoa, maana mila ni mila. Kisha wazee wa ukoo wakataka niseme nimekosa. Niliketi mkekani, mtoto kifuani, nikanyamaza. Mmoja akasema, “Mwacheni, ana haya.” Nilimtazama usoni hadi akageuka. Chai ikapoa. Wakainywa hivyo hivyo, baridi, wakaenda zao.