Kofia ya Chifu Mlangoni

Juzi sokoni Kibuye niliokota kofia ngumu nyeupe, ile ya machifu wa ukoloni, juu ya rundo la mitumba. Niliirudisha haraka.

Babu yangu alikuwa chifu. Watu wa kwetu, karibu na Port Victoria, wameshasahau hukumu zake zote. Wanachokumbuka ni kofia ile, na usinga aliofukuzia nzi.

Alasiri moja nikiwa mtoto, siku chache baada ya mazishi yake, niliachwa peke yangu nyumbani kwa dani, nyanya yangu. Ua mzima ulinuka omena, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa. Ghafla mbwa akaacha kubweka, akaanza kulia kama mtoto. Nikachungulia nje. Babu alikuwa anakuja polepole, kofia imemfunika macho, koti lake la kaki likiburuta chini, usinga mkononi.

Nikafunga mlango kwa komeo.

"Fungua, nyakwara," akasema. Ilikuwa sauti ya dani.

"Umemmeza!" nikapiga kelele. "Rudi kaburini!"

"Mjukuu wangu, ni mimi. Jua linaniunguza."

Nikaziba masikio. Alibisha, akabisha tena, halafu nikaona nywele za usinga zikipapasa chini ya mlango, mpaka zikatulia.

Leo najua kwamba kwa desturi ya kwetu mjane alivaa nguo za mumewe akimlilia. Kijiji kizima kilimpisha dani njiani kwa heshima. Mimi nilimfukuza kama mzimu, mlangoni pake mwenyewe.