Geti Lililofungwa Siku ya Posa ya Rehema

Habari hii siisimulii nikiwa nimenyoosha shingo, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Miyuji inaijua na nusu nyingine inaijua vibaya, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi shule niliiacha mapema, nikazunguka sana (nimebeba mataruma ya reli Gulwe, nimeuza zabibu barabarani), na mwaka ule nilikuwa nimetulia kwa dada yangu, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba na anapenda vitu vipya. Nyumba yake taa, kamera, geti na ruta ya intaneti vyote vinaongozwa na programu moja ya simu. Shemeji hana muda nayo, mimi ninao tele, basi akaniunganishia kwenye simu yangu nikawa ndiye msimamizi.

Siku ya posa ya binti yao, mpwa wangu Rehema, wazee wa mchumba walikuwa wanakuja kutoka Kondoa. Walishaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba, kwa hiyo Rehema asubuhi alinishika mkono akaniambia, "Mjomba, leo nakuomba, usiguse kitu." Nikaapa.

Sasa, msemaji wetu alikuwa baba mkubwa wa Rehema, mgonjwa, yuko Mwanza, angezungumza kwa video kwenye TV ya sebuleni. Tulipojaribu, picha ikaganda, mzee mdomo wazi. Nikafungua programu kimya kimya kuangalia nani anakula intaneti, nikakuta vifaa kumi na tisa, vingine nawajua wenyewe, vingine majina yake ni herufi na tarakimu tu. Nikasema hawa ni majirani. Kila nisichokijua nikabonyeza "simamisha".

Picha ikatakata. "Shemeji, wewe fundi!" akasema shemeji, nami nikakubali sifa. Wakati huohuo honi ikalia nje.

Nikabonyeza geti lifunguke. Kimya. Simu ikaandika: "Nyumba haipatikani." Haipatikani, nami nimesimama ndani yake! Kumbe katika wale majirani wangu lilikuwamo geti, na kilikuwamo kile kiboksi cheupe kinachopitisha amri zote, hata ya kuwarudisha hao niliowasimamisha.

"Hodi wenyewe! Kondoa nzima iko hapa!" akaita mshenga.

Kwetu wageni wa posa hawafunguliwi kirahisi, shangazi za binti huzuia mlango mpaka wapewe kanga. Basi Shangazi Hadija akaruka toka jikoni: "Geti hili zito, halisikii hodi tupu!" Vigelegele. Doti moja ya kanga ikatupwa juu ya ukuta. "Bado!" Ikaja ya pili, ya tatu, nje wanaimba, ndani wanacheza, na mimi nyuma ya tangi la maji nabonyeza simu kidole kinauma, huku nikijiambia (nakiri) kwamba hakuna atakayejua.

Nusu saa ikapita, jua la Dodoma mnalijua. Nyimbo zikakoma. Sauti ya mwanamume ikasema, "Jamani, utani umetosha. Bibi yetu amekalia jiwe. Kama hamtutaki semeni, tugeuze gari."

Rehema akatokea dirishani. "Mjomba, umegusa nini?"

"Kidogo tu."

Akafunga pazia. Lile pazia ndilo lililonipeleka kwa shemeji. Akajaribu simu yake, ikaandika yaleyale. Ufunguo wa kulifungua geti kwa mkono ulikuwa ndani ya gari lake, na gari alilitoa nje asubuhi ili wageni wapate pa kuegesha. Akanipa funguo za gari, nikatupa gunia juu ya vipande vya chupa vilivyosimikwa ukutani, nikapanda ukuta na suruali yake ya kuazima, ikachanika kwa sauti ambayo nadhani hata Mwanza waliisikia.

Nikiwa pale juu, mguu mmoja kwetu, mmoja kwao, nikasema, "Shikamooni wazee. Hii si mila. Ni mimi."

"Wewe nani?" akauliza bibi.

"Mjomba wa binti. Nimelizimia geti intaneti."

Shangazi Hadija, doti tatu za kanga begani, akaziangalia kama zimeanza kumwasha.

"Kwa hiyo kanga zangu zimeliwa na mtambo?" akasema bibi. Kisha bega lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akashikwa asianguke. "Shuka, mwanangu. Tumekuja kuposa, hatukuja kuzika."

Nikashuka, nikautoa ufunguo garini, geti likasukumwa kwa mikono, na posa ikapokelewa.

Sasa pembeni ya ruta nimebandika karatasi yenye majina ya vifaa vyote kumi na tisa, na sibonyezi chochote kabla ya kuisoma. Rehema, siku alipokwenda kwa mumewe, aliongeza mstari wa ishirini kwa mwandiko wake: "Mjomba. Huyu asimamishwe kwanza."

Sijaufuta.