Fulana za Mabingwa

Harufu ya balo la mitumba likifunguliwa, ile ya dawa na vumbi la mbali, hadi leo hunirudisha utotoni. Mama aliuza nguo hizo Braamfontein, katikati ya Joburg, hatua chache kutoka kwenye robot, zile taa za barabarani, nami nikitoka shule nilimsaidia kuzikunja.

Papa alikuwa Amerika, akifagia uwanja wa timu moja ya besiboli. Tangu aondoke nilikuwa nimeng'oka meno manne. Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, alituma sauti kwenye simu ya Mama: "Timu yetu ikibeba kombe, Krismasi niko Joburg. Papa anakuahidi."

Basi nikawa shabiki. Sheria za mchezo sikuzijua hata moja; nilijua tu kwamba kila wakishinda, Papa amesogea. Na walishinda, jamani, wiki baada ya wiki, mpaka fainali. Nikapiga pasi gauni la kumpokelea. Kisha Papa akapiga simu: wameshindwa. Nililia, lakini nilimwamini.

Februari Mama akafungua balo. Juu kabisa kulikuwa na fulana mpya, jina la timu ya Papa kifuani, na chini yake maandishi ya Kiingereza kwamba wao ndio mabingwa wa mwaka ule. Nilisoma mara tatu. Nikakaa juu ya nguo za biashara.

"Papa alinidanganya," nikasema. "Walishinda."

Mama aliikunja fulana polepole. "Papa yako hakudanganya. Wacha ile maneno."

Sikuiacha. Karibu miaka kumi, Papa akipiga simu, mimi nilikuwa na kazi za shule.

Chuoni ndipo rafiki aliponieleza: fulana za ubingwa huchapwa kabla ya fainali, za timu zote mbili, ziwe tayari kuuzwa. Za walioshindwa hupelekwa mbali, na nyingine hutufikia sisi. Nilishikwa na aibu, nikampigia Papa siku hiyohiyo kumwomba msamaha.

Naye akasema jambo lililonishtua kuliko ile fulana. Hakuwa na karatasi za kuishi Amerika, na akitoka kule asingeweza kurudi. Aliahidi kwa sababu timu ile haikuwa na mazoea ya kushinda.

"Siku ya fainali uwanja mzima uliomba washinde," akasema. "Mimi na ufagio wangu tuliomba washindwe. Niliogopa kukuambia siji."

Nilimnunia miaka yote ile kwa uongo ambao hakuusema. Ule aliousema, wa ile ahadi, nilipoujua, nilishindwa hata kumkasirikia.